Kwa nini shaba inanipa kijani cha majani badala ya feruzi?

Mfinyanzi wa Bagamoyo aliuliza:

Habari zenu, wafinyanzi wenzangu. Ninafinyanga mabakuli na mitungi midogo kwa udongo mwekundu ninaouchimba mwenyewe, na tangu nilipopata tanuri dogo la umeme nimeanza kupaka glezi, yaani unga uliochanganywa na maji ambao huyeyuka motoni na kuwa ngozi ya kioo juu ya chombo, jambo lisilowezekana katika uchomaji wa kuni uwanjani tuliorithi kwa bibi zetu, kwa kuwa moto ule haufikii joto la kuiyeyusha. Ninachokitafuta ni ile rangi ya feruzi iliyo kwenye vigae vya mitungi ya kale vinavyookotwa Kilwa na kwenye magofu mengine ya pwani.

Nilinunua glezi angavu iliyokwisha kuchanganywa na maji, ambayo muuzaji anasema ina boroni nyingi na huiva kwenye nyuzi 1060. Nilitia gramu 3 za kabonati ya shaba katika kila gramu 100 za glezi niliyoichota ndooni, na nilipofungua tanuri nikakuta kijani kizito kama jani la mwembe. Nikadhani shaba ni kidogo, nikapandisha hadi gramu 8, na safari hii vyombo vikatoka vyeusi, vikimetameta kama chuma kilichopakwa mafuta. Rafiki akanishauri nitie magadi. Nikatia, glezi ikawa nyepesi mno, na ilipokauka juu ya chombo ikaota ukoko mweupe kwenye kingo. Je, kosa liko kwenye shaba, kwenye joto, au kuna kitu kingine? Nimeanza kuwaza kuongeza kobalti ili kijani kivutwe kuelekea buluu.

Mwalimu wa Tanuri alijibu:

Ndugu yangu, kobalti iache kwanza. Ina nguvu kupita madini yote ya rangi tunayoyatumia, kiasi kwamba robo ya asilimia huonekana wazi na asilimia 1 hutoa buluu nzito, na ukiitia juu ya kijani ulichonacho utapata rangi ya maji ya kina kirefu, si feruzi.

Nianze na kipimo chako, maana hapo ndipo ninapoona kosa la kwanza. Asilimia tunazozitaja huhesabiwa kwa uzito wa unga mkavu wa glezi, nawe umepima glezi pamoja na maji yake. Jaza glezi katika chombo cha lita moja na uipime. Ikiwa ina gramu 1,450, toa 1,000 za maji, kisha zidisha zile 450 zinazobaki kwa 1.6, upate takriban gramu 720 za unga. Hesabu hiyo hufaa kwa glezi nyingi. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya ulichokichota ndooni ni maji, kwa hiyo gramu zako 3 zilikuwa takriban asilimia 6, na zile 8 zilikuwa asilimia 16. Glezi huweza kuyeyusha shaba kwa kiasi fulani tu, na inayozidi hujitenga juu kama ngozi nyeusi ya metali. Kwa kazi yako, asilimia 2 hadi 3 za kabonati zinatosha, na kama ulichonacho ni oksidi nyeusi ya shaba, punguza zaidi, kwa sababu gramu moja ya oksidi ina shaba sawa na takriban gramu 1.4 za kabonati.

Hata hivyo, kipimo sahihi peke yake kitakupa kijani chepesi, hakitakupa feruzi. Wanafunzi wangu wengi hudhani rangi imo ndani ya unga kama ilivyo katika rangi ya nyumba, ilhali shaba huchukua rangi yake kutokana na kioo kinachoizunguka. Katika kioo chenye boroni, kalsiamu au risasi, hutoa kijani. Katika kioo chenye sodiamu au potasiamu nyingi na alumina (inayotokana na udongo) kidogo, shaba ileile, katika joto lilelile, hutoa feruzi. Mitungi uliyoitaja ililetwa pwani yetu kutoka upande wa Iraq zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na glezi yake ni ya aina hiyo ya pili. Msichanganye na yale mabakuli ya Kichina ya kijani-kijivu yaliyopachikwa kwenye makaburi ya pwani: hayo hayana haja ya shaba, rangi yake hutokana na chuma cha asilimia 1 hadi 2 kilichochomwa katika tanuri lililonyimwa hewa, na tanuri la umeme haliwezi kazi hiyo bila kuharibika.

Rafiki yako wa magadi hakuwa amekosea sana, kwa kuwa ni sodiamu hiyohiyo tunayoitaka. Tatizo ni kwamba magadi huyeyuka majini, na maji yanapokauka huibeba chumvi hadi kwenye kingo za chombo, ndiyo maana uliuona ukoko. Ni lazima yayeyushwe kwanza pamoja na silika, yaani unga wa mchanga mweupe, yawe kioo, kisha kioo kisagwe. Unga huo ndio tunaouita friti. Tafuta friti yenye sodiamu nyingi, uchanganye sehemu 85 za friti, 10 za silika na 5 za kaolini, ule udongo mweupe, halafu uongeze shaba.

Paka pia tope jeupe la kaolini juu ya udongo wako mwekundu kabla ya glezi, kwa kuwa chuma kilichomo kwenye udongo hupanda ndani ya glezi na kuirudisha feruzi kwenye kijani. Kaolini ya Pugu haiko mbali nawe. Ichanganye na silika na friti kidogo ili ishike. Na uwe tayari kuona nyufa nyembamba kama utando wa buibui, maana kioo cha sodiamu husinyaa kuliko udongo kinapopoa.

Mama Vyungu alijibu:

Mwalimu amesema vyema, ila hakugusia matumizi, nami sipendi kuliacha. Glezi laini, yaani inayoiva kwa joto dogo, yenye shaba nyingi huachia shaba ndani ya chakula chenye uchachu, na ikiwa na risasi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu shaba huifanya risasi nayo itoke kwa urahisi. Laza kipande cha ndimu juu ya glezi usiku kucha. Ukikuta rangi imefifia, chombo hicho hakifai kwa chakula. Isipobadilika, bado hujapata uthibitisho, kwa hiyo feruzi yako ipake nje, na ndani ya bakuli uweke glezi isiyo na madini ya rangi. Vaa barakoa unapopima unga mkavu, na manganizi, madini mengine ya rangi, usiichome ndani ya chumba kilichofungwa.

Mfinyanzi wa Bagamoyo aliandika:

Ahsanteni sana, Mwalimu na Mama. Nimepima ndoo yangu leo: lita moja ina gramu 1,420. Kumbe nilikuwa naimwaga shaba. Swali moja dogo: kuna mtu anauza mawe ya malakiti yaliyotoka Kongo kwa bei nafuu. Je, nikiyasaga hayawezi kuchukua nafasi ya kabonati?

Fundi wa Lubumbashi alijibu:

Malakiti ni kabonati ya shaba iliyoumbwa na ardhi, kwa hiyo kwa hesabu inafaa, nami nimewahi kuisaga na kuitumia. Jiwe safi la kijani chenye mistari lilinipa rangi nzuri. Jiwe la pili, kutoka gunia lilelile, lilitoa kijani kichafu chenye madoa ya buluu, kwa sababu mawe ya kwetu huja na kobalti, chuma na mchanga kwa viwango visivyolingana. Isitoshe, baadhi ya miamba ya Katanga ina urani, na jicho haliwezi kuitambua ndani ya jiwe. Kwa chombo cha kuuza, nunua kabonati iliyosafishwa. Unga wenyewe huhitajika kidogo tu kwa ndoo nzima, na nafuu ya bei hutaiona.

Mwalimu wa Tanuri aliongeza:

Ukishapata friti, usianze na chombo kizima. Tengeneza ndoo mbili za glezi ileile, moja bila shaba na nyingine yenye asilimia 4, zote zikiwa na uzito uleule kwa lita. Zichanganye kwa vijiko: vitatu vya kwanza na kimoja cha pili vitakupa asilimia 1, viwili kwa viwili asilimia 2, kimoja kwa vitatu asilimia 3. Paka kila mchanganyiko kwenye kigae cha udongo wako, nusu ikiwa na tope jeupe na nusu bila tope, na uandike namba nyuma kwa oksidi ya chuma, kwa kuwa wino wa kalamu huungua.

Mfinyanzi wa Bagamoyo aliandika:

Nimefungua tanuri asubuhi hii. Kigae cha asilimia 2 juu ya tope jeupe ni feruzi kabisa, na nyufa zake zipo kama ulivyosema. Nusu yake isiyo na tope ni kijani. Ndoo ya zamani nitaigawa katika ndoo ya glezi isiyo na shaba, niitumie nje ya vyungu vya maua.