Beti za utenzi katika sauti za zamani za kanisani

Mwanakwaya, Malindi:
Bwana asifiwe, ndugu zangu. Jumapili iliyopita tuliimba ubeti nilioutunga mwenyewe kwa kipimo cha utenzi, vipande vinne vya mizani (yaani silabi) nane nane, nikautia katika ile sauti, yaani tuni, ya Zaburi ya 100 itokayo kitabu cha zaburi za kuimba cha Geneva cha mwaka 1551, ambayo nayo ina mistari minne ya mizani nane. Kwa kuhesabu vidole, hapakuwa na upungufu. Lakini tulipoanza «Ewe Mola wa rehema», watu walitamka «e-WE mo-LA», kina mama wa viti vya mbele wakanyamaza, na kinanda kikaendelea peke yake. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa solfa:
Hesabu yako ni sahihi, ila hukupima uzito. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kila kipande cha utenzi hufungwa kwa silabi nyepesi: re-HE-ma. Sauti uliyoichagua huanza kwa pigo jepesi na kufunga kwa pigo zito, hata mzigo uliopasa kubebwa na «he» ukatwikwa «ma». (Huko Geneva, nikumbushe tu, sauti hiyo ilikuwa ya Zaburi ya 134.) Tafuta, au tunga, sauti inayoanza kwa pigo zito.

Msomaji, Lamu:
Kwa heshima, Mwalimu, nakubali nusu. Huku kwetu utenzi husomwa kwa mahadhi, na msomaji huvuta silabi apendavyo bila mtu kulalamika. Tena makanisa yameimba tafsiri zenye mikazo iliyopinda kwa miaka mingi, na wazee wanazipenda mno. Nadhani kina mama walinyamaza kwa ugeni wa maneno tu. Linalonishangaza ni kwamba Wakolosai 3:16 hutaja tenzi za rohoni, nasi tukauita kila wimbo utenzi, hata usio na mizani wala vina vya utenzi.

Mwanakwaya, Malindi:
Ahsanteni nyote. Jana kwenye mazoezi tuliacha sauti ya Geneva, tukaanza kwa pigo zito, tukavuta noti ya saba na kuikatiza ya nane. Maneno ni yale yale, wala sikugawa karatasi. Kufikia kuurudia ubeti mara ya tatu, kina mama walikuwa wakimtangulia mpiga kinanda, naye akanung'unika kwamba wanamkimbiza.