Siku nne za kupumzika na mama mtu mzima: kisiwa kidogo kipi, Unguja au Pemba?

Mkaazi wa Mwanakwerekwe

Assalaam alaykum. Nimepata likizo fupi baada ya mwaka mzima wa kukaa mbele ya mafaili, na ningependa kumchukua mama yangu tukapumzike katika kisiwa kidogo. Ninaposema kupumzika ninakusudia kukaa, si kutembezwa: mkeka chini ya mti, upepo, samaki wa siku hiyo, na pasiwepo spika ya muziki. Mama ana umri wa miaka 68 na magoti yanamsumbua. Yeye ni mzaliwa wa Pemba, upande wa Wesha, na kisiwa anachokitaja ni Misali, kwa sababu utotoni alikuwa akikitazama kila jua likizama, lakini hajawahi kukikanyaga. Je, inawezekana kulala huko? Na ikiwa haiwezekani, mngenishauri kisiwa kipi? Changuu tumeshakwenda, kobe wale wa asili ya Shelisheli walimfurahisha sana mwanangu, lakini ni mahali pa asubuhi moja, na watu ni wengi.

Mtembezaji Mstaafu, Chake Chake

Waalaykum salaam, dada yangu. Nitalijibu la Misali kwanza, kisha nitakuomba uangalie mwezi kabla ya kuangalia kisiwa.

Kulala Misali usikutie katika hesabu. Hakuna nyumba ya wageni wala maji baridi ya kutegemea, na ndiyo maana hapajawahi kuwa na mji. Wanaolala pale ni wavuvi waliopiga dago, yaani kambi ya muda ya uvuvi, na dago si mahali pa kumpeleka mtu mwenye magoti mabovu. Tangu mwaka 1998 kisiwa na bahari inayokizunguka vimekuwa hifadhi: iko sehemu ambayo uvuvi umepigwa marufuku kabisa, na iko sehemu ambayo wavuvi wa Pemba wanaendelea kutafuta riziki yao. Mgeni hulipa kiingilio, hushinda kutwa, na hurudi. Kushinda huko, hata hivyo, kunatosha. Kuna pwani ya mchanga mweupe yenye kivuli, kuna tumbili (ufiche ndizi zako), na kasa na ng'amba hupanda kutaga mayai. Mama yako bila shaka anayajua masimulizi ya Nabii Khidhri, kwamba aliwaomba wavuvi msala (mkeka wa kusalia), wakawa hawana, naye akasema kisiwa hicho kilichoelekea kibla ndicho kitakachokuwa msala wake. Wazee wetu wanakiheshimu kisiwa kwa sababu hiyo, na mapango yake vilevile, kwa hiyo usishangae ukikuta watu wamekwenda kwa nia nyengine kabisa isiyokuwa ya kuogelea.

Sasa mwezi. Watu wengi hupanga safari kwa tarehe za mshahara, kisha wakailaumu bahari. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwetu siku hizo maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, yakajaa mnamo saa kumi alasiri. Maana yake ni kwamba saa ile ile unayotaka kuondoka, boti imesimama mbali na mama anatakiwa avuke tope na mawe kuifuata. Ukienda wakati wa maji mafu, yaani kati ya tarehe 8 na 10 au kati ya 23 na 25 za mwezi mwandamo, maji ya asubuhi huwa yamejaa mnamo saa nne, na hata yakipwa jioni hayaendi mbali. Mama atapanda boti akiwa mkavu na atashuka akiwa mkavu. Hili peke yake litaamua kama mmepumzika au mmeteseka.

Kuhusu msimu, masika yaacheni. Kusi, upepo wa kusini, likishika, hasa mwezi wa Juni hadi Agosti, mkondo wa Pemba huchafuka, ingawa upande wa magharibi una kinga kidogo. Mimi napenda maleleji, baina ya kusi na kaskazi, bahari inapolala kama mafuta. Tafuteni chumba Chake Chake, mwende Misali siku moja au mbili, na siku zilizobaki mkae tu. Nahodha awe na jaketi okozi kwa kila abiria. Akikwambia hazihitajiki, mtafute mwengine.

Mwalimu wa Bayolojia, Mbweni

Ikiwa sharti lenu kubwa ni kulala kisiwani, kiko Chumbe, kusini ya mji wa Unguja, na boti zake huondokea hapa hapa Mbweni. Kimehifadhiwa tangu mwaka 1994 na kina mabanda saba tu ya kulala wageni, kwa hiyo hata siku ya msongamano watu ni wachache. Kila banda hukusanya maji ya mvua kwa paa lake, vyoo havitumii maji, umeme ni wa jua, na uvuvi hauruhusiwi. Matumbawe yake ni katika yale yaliyo bora niliyowahi kuyaona kwa miwani ya kuogelea. Pana mnara wa taa wa mwaka 1904 na msikiti mdogo wa zamani, ambao huenda mama akaupenda kuliko matumbawe. Nina tahadhari mbili. Bei yake si ya mshahara wa kawaida, ingawa ni vyema kuulizia bei ya wakaazi. Pili, njia za msituni ni za mawe makali, kwa hiyo mama abaki barazani na viatu vyake vya raba, na wewe ndiye utakayekwenda kutazama kaa wakubwa wa nazi usiku.

Binti wa Mkoani

Naomba kutofautiana kidogo na walionitangulia, kwa heshima. Mnazungumzia visiwa kana kwamba utulivu hupatikana pale tu ambapo hakuna watu. Mama huyu ni Mpemba. Mpelekeni Makoongwe, mkabala na bandari ya Mkoani, mahali ambapo kuvuka ni kwa muda mfupi na ambapo atakuta watu wa kuzungumza naye kwa lugha ya nyumbani. Hakuna hoteli, na hilo ndilo zuri lake. Lakini msiende kama watalii. Mpigieni simu mtu anayejulikana huko, mkifika mjitambulishe kwa sheha, kiongozi wa eneo, mchukue mchele na sukari kwa wenyeji wenu, na mvae kwa stara. Nimewahi kuona wageni wakishuka katika kisiwa cha wavuvi na kuanza kupiga picha za watoto na vyoo vya watu, wakaondoka wakilalamika kwamba hawakukaribishwa. Kojani nako ni vivyo hivyo: ni mji uliojaa nyumba, nusu ya wanaume wako dago, na si bustani ya mtu kujinyoosha.

Mkaazi wa Mwanakwerekwe

Nawashukuru nyote. Nimemsomea mama majibu haya baada ya Magharibi. Chumbe alikikataa kabla sijamaliza, akasema halipii fedha nyingi kulala mahali anapopaona kutoka Mbweni bure. Kwa Makoongwe alinyamaza kwa muda, kisha akataja jina la mwanamke aliyesoma naye chuoni, ambaye aliolewa huko; tunatafuta simu ya watoto wake. Basi nimeahirisha likizo kwa siku tisa ili iangukie maji mafu: siku moja Misali, mbili Makoongwe tukipata mwenyeji, na moja ya safari. Swali langu la mwisho ni chakula cha Misali. Je, tupike huko?

Mtembezaji Mstaafu, Chake Chake

Msiwashe moto. Chukueni mkate wa kumimina, pweza aliyekwisha kuchemshwa, madafu, na maji ya kunywa mara mbili ya mnavyodhani, kisha mrudi na taka zenu zote. Mwambieni nahodha asiharakishe kurudi; akubali kungoja hadi Magharibi, ili mara hii mama alitazame jua likizama akiwa upande wa pili.