Rubani kanifokea masafani, niandike ripoti?

Sauti_ya_Mnara: Wakuu, naombeni ushauri. Mimi ni mwongoza ndege. Juzi hali ya hewa ilichafuka, ndege zikapangwa kusubiri kutua. Rubani mmoja akasema, "mafuta yetu si mengi." Nikamwambia asubiri kama wenzake. Alipotua akanifokea kwenye redio, wote wanasikia. Niripoti?

Kapteni_Mstaafu: Ninyi nanyi mnatubadilishia njia ya kutua tukiwa karibu kabisa. Msaidizi anaingiza upya kila kitu kwenye kompyuta, mimi naendesha, huku mnaita na kuita. Tukinyamaza si dharau, mikono imejaa.

Mama_Anga: Mdogo wangu, hasira hasara. Mmebeba roho za watu, sameheaneni.

Bawa_Moja: Alitamka "mayday", lile neno la dharura?

Sauti_ya_Mnara: Hakutamka. Rada hainionyeshi mafuta, mkuu. Angesema ni dharura ningemtoa foleni papo hapo.

Mchunguzi: Chai hii. Ni kisa cha ndege ya Avianca 52, Januari 1990, New York. Walizungushwa angani zaidi ya saa nzima, wakasema mafuta yanaisha, neno la dharura hawakulitamka. Ikaanguka, wakafa watu 73. Umebadilisha mwisho tu.

Sauti_ya_Mnara: Sijatunga! Ajali ile tunafundishwa sote, marubani na sisi. Ndiyo maana imeniuma, hata yeye anaijua.

Bawa_Moja: Nawe unaijua. Ulimuuliza amebakiza dakika ngapi? Na tangu hapo mmeongea?

Sauti_ya_Mnara: Kuuliza, kulikuwa na ndege nyingi. Kuongea… jana alipiga simu, anaomba kuja mnarani akae nami zamu moja. Nilimkatalia. Ripoti nimeshaiandika, imebaki kutuma. Akija, wenzangu watasema nimemwogopa.

Mchunguzi: Kumbe! Hilo ndilo ungeanza nalo.

Kapteni_Mstaafu: Ripoti itume, ila si ya kumkomoa. Weka maneno yalivyosemwa, yako na yake, na saa zake, wengine wajifunze. Lakini mtu akiomba kuiona kazi yako humfungii mlango. Mimi niliwahi kukaa mnarani mchana mmoja, ndipo nikaelewa kwa nini "si mengi" inapita sikioni bila kushtua. Kila rubani alikuwa na haraka.

Sauti_ya_Mnara: Na akianza tena kufoka?

Kapteni_Mstaafu: Mwite saa ya msongamano, mvalishe vipokea sauti asikie masafa yote. Nafasi ya kufoka ataitoa wapi?