Watoto wa London walisomaje vijijini?

Mwalimu wa Langoni: Wenzangu, leo darasani hapa Lamu nilieleza jinsi watoto wa Uingereza walivyohamishwa kutoka mijini kwenda vijijini Septemba 1939, Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza. Kitoto kikaniuliza, "Madawati yaliwatosha?" Nikakwama.

Bi Mkubwa: Wapi, mwanangu! Shule nyingi zilienda zamu: wenyeji asubuhi, wageni alasiri. Wengine walisomea ukumbi wa kijiji au kanisani, kila mmoja na barakoa yake ya gesi.

Mja wa Malindi: Kufikia Januari 1940 wengi walisharudi kwao, mabomu hayajaonekana. Mwaka huohuo London ikawaka, na Malindi yetu nayo ikapigwa na ndege za Waitaliano.

Mwalimu wa Langoni: Ahsante, bibi. Zamu nazijua: paa la shule yetu liling'oka, mie nikawa wa alasiri. Nilisinzia mwaka mzima.