Bibi kavunjika nyonga: abadilishiwe nusu au kiungo kizima?

Mjukuu_K: Wakuu, bibi kaanguka na kavunjika nyonga. Daktari anasema kuna kubadilisha nusu (kichwa cha fupa la paja tu) na kuna kubadilisha kiungo kizima (kichwa pamoja na kikombe kinamoingia). Kipi bora? Jibu linatakiwa kesho asubuhi.

Shangazi Mti: Pole sana mwanangu. Lakini hujatuambia kitu. Ana umri gani? Alikuwa anatembea mwenyewe? Kumbukumbu zikoje? Na kumevunjika wapi, shingoni mwa fupa la paja au chini yake? Kama ni chini, mara nyingi hawagusi kiungo, wanaweka chuma cha kushikilia mfupa.

Mjukuu_K: Miaka 81. Ni shingoni na mfupa umehama. Alikuwa anatembea na fimbo.

Kongoti: Kizima, sina mjadala. Ukiweka nusu, kile kichwa cha chuma kinasuguana na kikombe chake cha asili, gegedu inalika, maumivu yanarudi.

NesiMstaafu: Kongoti, taratibu. Utafiti wa HEALTH wa 2019 ulifuatilia wagonjwa karibu 1,500 kwa miaka miwili. Idadi ya waliolazimika kupasuliwa tena haikutofautiana sana kati ya waliowekewa nusu na waliowekewa kizima, na nafuu ya ziada ya kizima ilikuwa ndogo. Halafu kizima huteguka kirahisi zaidi. Mjukuu, swali la kumbukumbu hujalijibu.

Pweza77: Kwani skrubu za kuunga mfupa haziwezi? Jeraha lake dogo.

NesiMstaafu: Kwa umri huo na mfupa uliohama, hapana. Mishipa inayolisha kichwa cha fupa huwa imeumia. Kichwa kikifa, anarudi chumba cha upasuaji.

Babu Ndege: Mnabishana nusu na kizima, mimi naogopa kuchelewa. Baba yangu alifungwa uzito wa kuvuta mguu, kila siku "kesho". Mara presha, mara damu haijapatikana. Tulipomgeuza tukakuta shuka limenata kiunoni, kidonda kimeshachimbika. Kisha kifua kikajaa, usiku akawa anaongea na watu wasiokuwepo. Alipasuliwa hatimaye, lakini hakusimama tena. Mjukuu, wabane wampasue ndani ya siku moja au mbili, na kesho yake waanze kumsimamisha.

Kongoti: Pole mzee. Ila asikubali kulazwa usingizi, achomwe ganzi ya mgongo.

Shangazi Mti: Hilo nalo tumelisikia sana. Utafiti wa REGAIN wa 2021 haukuona ganzi ya mgongo ikishinda usingizi, si kwa kutembea tena wala kwa kuchanganyikiwa. Mwachieni mtu wa dawa za usingizi.

Mjukuu_K: Kumbukumbu… siku nyingine ananiita kwa jina la babu.

NesiMstaafu: Basi mweleze daktari hivyohivyo. Asiyekumbuka kwamba baada ya upasuaji haruhusiwi kukunja mguu kupita kiasi, kiungo kisiteguke, mimi ningemwekea nusu.

Kongoti: Kusahau jina si kuchanganyikiwa. Bado nasema kizima.

Pweza77: Na saruji ya mfupa, ile ya kugandishia kiungo bandia? Nasikia inashusha presha ghafla.

NesiMstaafu: Hutokea, ndiyo maana wanamwangalia kwa makini wakati wa kuiweka. Lakini bila saruji, mfupa mwembamba hupasuka kirahisi.

Shangazi Mti: Mjukuu, anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Wameambiwa?