Wamisionari wa Mormoni: uliyehudumu nchi za watu au uliyekaa nao ploti moja, tupeane uzoefu

MamaTatu_Kibuye
Jana saa tisa mvua ya Kisumu ilishuka, mnaijua, haipigi hodi. Vijana wawili wakakimbilia chini ya turubai langu pale Kibuye. Mashati meupe yameganda mgongoni, tai zinachuruzika, beji nyeusi ya jina kifuani. Mmoja mzungu mrefu kama mlingoti, mwenzake kwa lafudhi nadhani ni Mganda. Mzungu akaniamkia "shikamoo mama." Shikamoo! Kibuye! Nilicheka hadi nikamwaga gorogoro la omena. Nikawamiminia chai, wakatazamana, ndipo nikakumbuka: hawa hawanywi chai.

Mwaka 2012 nilikaa ploti moja na wanne wao huko Migosi. Sikuwahi kuwauliza la maana, niliwaona kama watoto waliokosea njia ya shule. Sasa kitinda mimba wetu ameingia kanisa hilo, na wiki jana wito wake umekuja kwenye simu: Ghana, miaka miwili. Hakuchagua, wamemchagulia. Mama tangu siku hiyo ni kimya, anachouliza ni "atakula nini" basi. Waliopitia semeni. Siulizi dini, nauliza maisha.

BodaWaMamboleo
Hao hawapandi boda. Miaka mitatu nawapigia honi, wanatabasamu tu na kutikisa kichwa. Sijawahi kula shilingi yao.

omena_kavu
@BodaWaMamboleo na vile mnaendesha, ndiyo maana wanarudi kwao wazima 😂

Jirani_Section58
Nakuru hapa. Nilipakana nao ukuta kwa ukuta hadi 2020. Sikuwa nahitaji saa. Kengele yao ilikuwa inalia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa nne na nusu usiku taa zinazimwa, kama bweni la sekondari. Katikati hapo huwaoni, wako Kaptembwo, Rhonda, Bondeni, kwa miguu. Jumatatu ndiyo siku yao ya maandalizi: soko, kunyoa, kuandika nyumbani, halafu kamba yote ya ploti inajaa mashati meupe hadi mama watoto wangu anakosa pa kuanika nepi.

Sasa kulikuwa na mmoja kutoka Utah, miaka kumi na tisa, mikono haijawahi kukutana na beseni. Alifua shati kwa sabuni ya unga kama nusu kilo, akalikamua, akaanika. Kusuuza hakujua ni kitu. Shati likakauka likawa gumu kama kadibodi, akalivaa. Walipofika Bondeni mvua ikawapata njiani. Maze, mabega yakaanza kutoa povu! Povu linashuka mgongoni hadi kwenye mkanda, watoto wanamfuata wakipiga makofi, yeye anajifuta na ndivyo linavyozidi. Jioni nilimfundisha mwenyewe: maji ya kwanza, maji ya pili, maji ya tatu. Aliandika kwenye kijitabu.

Machi 2020 corona ilipoingia, wageni wote wakaitwa makwao. Walibisha kwangu usiku wakaniachia sufuria mbili na helmeti ya baiskeli. Helmeti bado ninayo, kuku hutagia humo.

NyarBusia_Dada
Mimi nilihudumu Durban. Wasichana ni miezi kumi na nane, wavulana ishirini na nne. MamaTatu, kitu ambacho hakuna aliyenitayarishia ni hiki: watu wakifungua mlango walikuwa wanachungulia nyuma ya bega langu wakimtafuta mzungu. Mimi na mwenzangu wa Botswana, wote weusi ti. Bibi mmoja alituuliza waziwazi, "wenyewe wako wapi?"

Na kuhusu mwenzi wa kazi, yule mnayepangiwa kuhudumu wawili: huchagui, na humuachi. Mnaenda pamoja kila mahali, isipokuwa chooni. Nilipangiwa mmoja aliyetafuna kwa sauti kwa wiki kumi na mbili. Niliomba kwa Mungu, si kwa ajili ya wokovu wa mtu yeyote, ni kwa ajili ya meno yake.

omena_kavu
Chooni tu. Wueh.

Shemeji_wa_Webuye
Mnajua hiyo "Elda" kwenye beji maana yake ni mzee. Sasa sikia. Walialikwa kwa baba mkwe wangu, akachinjwa kuku, na kwetu Waluhya firigisi, tunaita imondo, ina mwenyewe, ni ya mzee wa boma, haiguswi ovyo. Shangazi aliyekuwa anapakua aliambiwa kuna Elda mgeni, yaani mzee, akaweka imondo kwenye sahani ya yule kijana mwekundu asiye hata na ndevu. Akaimeza yote! Akasifia! Mzee wa boma anamtazama tu. Hadi leo nikifika pale mzee huuliza, "yule mwenye boma hajambo?"

Omwana_Shinyalu
Sikupanga kuandika. Hiyo ya chooni imenigusa mahali.

Nilihudumu Zambia 2016 hadi 2018. Mafunzo Johannesburg wiki mbili hivi, kisha Lusaka, kisha Kitwe kule Copperbelt. MamaTatu, mwambie mama kuhusu chakula asihofu sana. Mimi nilikuta ugali unaitwa nshima na omena ya huko inaitwa kapenta, hata mlangoni wanabisha "odi!" Mwezi wa kwanza nilijiona niko kwetu Khayega. Kazi yenyewe ni kutembea. Asubuhi mnasoma, saa nne mnatoka, jua linawapiga, mnaingia kwa watu, watatu wamelala, wawili wamejificha (unaona miguu chini ya pazia), mmoja anawakaribisha kwa sababu anataka kujifunza Kiingereza. Viatu nilivyonunuliwa na baba viliisha soli nikaviweka kadibodi.

Siku hizo hakukuwa na kupiga simu nyumbani kila wiki. Ni Krismasi na Siku ya Akina Mama basi, na barua pepe Jumatatu kwenye saiba. Simu ya kazi ilikuwa moja, ya vibonyezo, yetu wawili. Usiku mmoja, kama saa nne kasorobo, ikalia. Rais wa misheni, yaani mkuu wa wamisionari wa eneo letu. Akaomba kuongea na mimi, akasema kwanza niketi. Nikajua. Mtu hakuambii uketi kwa habari ya kuhamishwa kituo.

Baba alikuwa ameanguka shambani, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Mimi ni kifungua mimba.

Nyumba ilikuwa chumba kimoja na sebule. Kwa sheria zetu hakuna pa kuwa peke yako. Nikaingia chooni, nikafunga, nikafungulia bomba ili mwenzangu asisikie. Maji yakakatika. Mnajua maji yanavyokatika, bomba linakoroma halafu kimya, na mimi katikati ya kilio. Mwenzangu alikuwa Mzimbabwe, mtu wa maneno machache, hatukuwa tunapendana kivile. Nikamsikia anakuja, anaketi chini, mgongo kwenye mlango. Hakusema pole, hakuomba wala hakunisomea andiko. Alikaa pale hadi alfajiri. Nilipofungua nusura aanguke ndani. Akaniuliza, "nikupikie uji?"

Rais aliniambia uamuzi ni wangu. Nikaruhusiwa kumpigia mama. Baba wadogo walitaka nirudi, kifungua mimba lazima atupe udongo. Mama akachukua simu akasema, "baba yako ndiye aliuza ndama akakununulia hivyo viatu. Maliza." Nikabaki. Ndugu yangu wa pili akatupa udongo mahali pangu.

Niliporudi 2018 sikuingizwa nyumba yoyote. Kwanza nilipelekwa kaburini na begi mgongoni. Lilikuwa limeshapigwa saruji. Baba mdogo akanipa udongo kiganjani, nikautupa juu ya saruji. Upepo ukaubeba.

MamaTatu_Kibuye
Aki pole sana mwanangu. Nimefunga kibanda kwanza.

Jirani_Section58
Pole ndugu.

Wakili_wa_Mtaa
Poleni, lakini mtu aseme. Kanisa gani linamwacha mtoto asimzike babake? Hiyo si imani, hiyo ni jela yenye tai.

Omwana_Shinyalu
@Wakili_wa_Mtaa hawakunizuia. Nilikuwa na miaka ishirini, nikachagua. Ukiniuliza leo ningechagua vipi, sijui. Lakini usimwekee mama yangu maneno ya jela.

Wakili_wa_Mtaa
Sijamtaja mama yako.

Omwana_Shinyalu
Yeye ndiye aliyesema maliza.

Senge_Mwihila
Mwanangu, mama yako alisema kwa uchungu na baba wadogo walikuwa na haki. Yote mawili.

Msomi_Kaptembwo
Kabla hamjalia sana, mjue hadi Juni 1978 kanisa hilo halikumpa mwanamume mweusi ukuhani. Leo mnawapa turubai.

omena_kavu
Mvua ilikuwa inanyesha mkuu, alitakiwa awaulize mwaka?

Omwana_Shinyalu
Hilo la 1978 ni kweli. Mwalimu mstaafu wa Kitwe aliniuliza siku yangu ya tatu mtaani. Nilimwambia sina jibu. Akatuletea viti.

Jakom_wa_Seme
Babu yangu ana wake wawili. Vijana hao wakamfundisha wiki kadhaa, mzee anapenda nyimbo, amekubali kila kitu, hata chang'aa ameacha. Ikafika habari ya kubatizwa wakamwambia mwenye wake wawili haiwezekani. Babu akauliza, "na yule Brigham Young, kiongozi wenu wa zamani mliyenionyesha picha, wake zake aliwaacha kwa nani?" Wakasema mambo hayo yalikomeshwa 1890. Babu akasema vizuri, na yeye atakomesha akifa. Bado huenda kila Jumapili anakaa kiti cha nyuma.

Msomi_Kaptembwo
Babu wako apewe uaskofu.

MamaTatu_Kibuye
Rudini kwa mdogo wangu tafadhali. Abebe nini?

NyarBusia_Dada
Viatu jozi mbili, vizuri, vya soli nene. Asibebe unga, Ghana kuna banku na fufu, atazoea au atakonda.

Jirani_Section58
Abebe unga.

Shemeji_wa_Webuye
Viatu anunue huko huko, vya hapa vitamwaibisha. Ajifunze kusema hapana kwa chai bila kukosea watu. Aombe mchaichai au tangawizi, majani ya chai ndiyo mwiko, si maji moto. Maziwa matupu pia sawa. Mimi mwenyewe ningekufa siku ya pili.

NyarBusia_Dada
@Shemeji_wa_Webuye viatu asinunue huko! Mguu mpya kiatu kipya utamtoa malengelenge wiki ya kwanza. Avivae tangu sasa.

BodaWaMamboleo
Kama ana msichana amwache leo. Miaka miwili? Hapa Kisumu wiki mbili ni nyingi.

Jirani_Section58
Si lazima. Binamu yangu alisubiriwa miezi yote ishirini na nne, sasa ana watoto watatu.

LakeBreeze_88
Mimi nilisubiri. Akarudi mwembamba, ana salamu za kizungu, akaoa dada wa tawi lingine. Amwache.

NyarBusia_Dada
MamaTatu, la muhimu: tangu 2019 wanaruhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki, na ya video pia. Mama amuone uso. Msimlilie kwenye simu, mtalia mkikata. Kwetu mama alinifichia hata ugonjwa wa ng'ombe.

Omwana_Shinyalu
Mimi naona amlilie tu. Kufichwa ndiko kunauma baadaye.

omena_kavu
Na ajifunze kusuuza mashati 😂

MamaTatu_Kibuye
Nimewasoma nyote. Jioni hii nimemsomea mama, hasa ile ya Shinyalu, polepole kwa Kijaluo. Alisikiliza hadi mwisho, hajasema kitu kuhusu udongo wala saruji. Ameuliza tu, yule Mzimbabwe, ulikuwa uji wa nini?

Omwana_Shinyalu
Wa mahindi, mama. Uliungua kidogo. Nilimaliza.