Jarida la picha la nje limenikata hela ya mwaka wa pili bila kuniuliza, na huo wa kwanza wenyewe ulikuwa hasara

Wakuu, heshima kwenu. Niko hapa Mtwara mjini na nimeamka na hasira. Mods, nawaomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "kamera gani nzuri ya kuanzia".

Usiku wa kuamkia jana, saa nane, simu ikalia. Nikadhani msiba. Kumbe ujumbe wa benki: laki moja na themanini na kitu imetoka kwenye kadi kwenda kwa jarida la upigaji picha la huko ng'ambo nililojiunga nalo mwaka jana. Nimewaandikia. Wakanijibu kwa upole kabisa kwamba nilikubali mwenyewe, kuna kiboksi chini ya ukurasa kilikuwa kimeshawekwa tiki. Na wakamalizia kwa kunishukuru kwa kuendelea kuwa pamoja nao!

Mnaotaka kuja na "ungesoma masharti", ngojeni kwanza. Masharti nimeyameza. Kinachoniuma ni kulipia mara ya pili kitu ambacho nilishaamua hakinifai.

Mimi si mpiga picha wa kulipwa. Nina duka la pembejeo, salfa ya mikorosho ndiyo inayonilisha, kamera ni mapenzi tu. Nililipia nakala za karatasi nikijua nitajifunza kidogo kidogo. Toleo la Desemba nikalipata Machi, jalada limekunjika, na habari kubwa ndani ni namna ya kupiga picha kwenye theluji. Theluji, wakuu. Nje mvua inanyesha, mimi na jasho la kuloa shati, nasoma namna ya kuzuia betri isizimike kwa baridi.

Halafu kuna hili la "saa ya dhahabu", ule mwanga laini wa manjano jua linapokaribia kuzama. Kila toleo wanaisifia. Kwao sawa, jua linashuka kwa mshazari, jioni za Juni pale London linazama saa tatu usiku na ushee, mtu ana muda wa kufunga stendi, kubadili lenzi na kunywa chai. Sisi tupo nyuzi kama 10 kusini mwa ikweta, jua linadondoka karibu wima. Ukifika ufukweni Shangani, hapa Mtwara, saa kumi na moja na nusu, ukifungua begi, ukisalimiana na watu wawili, giza hilo. Tena bahari yetu iko mashariki! Jua linatokea baharini alfajiri, jioni linazamia mikoroshoni. Zile picha zao za machweo juu ya maji nilizifukuzia miezi miwili kabla akili haijanirudia.

Na kuvu je? Mwenye kamera Pwani, Lindi au huku kwetu anajua ninachosema. Lenzi yangu ya 50mm niliimulika na tochi mwezi wa tatu nikakuta nyuzi nyeupe ndani ya kioo, kama utando wa buibui mdogo. Nimepekua matoleo yote ya mwaka, hakuna hata aya moja kuhusu unyevu. Kurasa za kupima lenzi za bei ya pikipiki zipo tele. Nilichokifanya nimejitungia: ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu ninavyowaomba wauza viatu.

Nisiwadhulumu, kitu kimoja kilinisaidia, na kichekesho ni kwamba kilikuwa kwenye hiyo hiyo theluji. Waliandika kwamba kamera ikiona weupe mwingi inaudhani ni mwanga uliozidi, inauzima mpaka uwe kijivu, kwa hiyo uongeze stopu moja hadi mbili (stopu moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili). Nikakumbuka harusi ya binamu yangu Mikindani. Mjomba alitazama picha akaniuliza, "Mpwa wangu, kanzu hii nimeifua kwa mkono wangu, wewe umeifulia majivu?" Na sura zao zote zilikuwa kizani. Kwenye Maulidi yaliyofuata nikaweka +1, yaani stopu moja ya ziada, kanzu zikang'aa na nyuso zikaonekana. Mjomba mpaka leo hajaifuta ile niliyomtumia.

Basi ukurasa mmoja. Laki na themanini kwa ukurasa mmoja.

Na mwaka wa pili hauna jipya. Nilipata PDF ya Desemba ya nyuma yake kwa jamaa mmoja wa Lindi, nikaziweka pamoja: theluji ile ile, +1 ile ile, picha tu zimebadilika. Misimu yao inazunguka, na makala zinazunguka nayo.

Msije kuniambia Amateur Photographer la Uingereza lipo tangu 1884. Silisemi hilo. Popular Photography la Marekani nalo lilianza 1937, na 2017 likaacha kuchapa karatasi. Umri haunirudishii hela.

Maoni yangu: ukiwa mpenzi tu wa picha na unaishi chini ya jua hili, nunua toleo moja moja pale unapoona mada inakugusa. Usiache namba za kadi.

Sasa msaada: kuna aliyewahi kuidai benki irudishe makato ya namna hii akafanikiwa? Ulipeleka nini, zile barua pepe zinatosha? Na mwenye 50mm isiyo na kuvu anayeuza, Mtwara au Lindi, aje PM. Nitakuja na tochi.